Mama Aliyeanzisha Vita Saa Saba Mchana

Hapo si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji kwa sababu nina familia na bado nayapenda meno yangu. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ajue tu kwamba ilikuwa nchi ya amani. Iliandikwa hivyo kwenye stempu, kwenye magunia ya sukari na juu ya lango la gereza kuu, na mimi ni nani hata nibishane na gunia?

Nchi hiyo ilikuwa na viongozi wawili, wote bora. Wa kwanza aliitwa Mtukufu, naye ndiye aliyekuwa Rais. Wa pili aliitwa Jenerali, mkuu wa majeshi. Walikuwa mashemeji, maana Mtukufu alimwoa dada yake Jenerali. Basi ikatokea siku choo kipya cha stendi kuu ya mabasi kilikuwa tayari kuzinduliwa, na utepe ulikuwa mmoja. Mtukufu alifika na mkasi. Jenerali naye akafika na mkasi. Wakatazamana. Walioshuhudia wanaapa kwamba hakuna aliyemtusi mwenzake. Jenerali alisema tu kwamba choo kimejengwa na askari wake, na Mtukufu akasema tu kwamba kimejengwa na maono yake. Kesho yake asubuhi mizinga ikaanza kuunguruma. Choo chenyewe kilikuwa cha kwanza kubomoka.

Mtu asiyejua mambo angeyaita hayo vita. Serikali ikawahi kutoa tamko kwamba huko ni Kutoelewana kwa Kifamilia tu, na atakayetumia neno lile jingine atashughulikiwa. Jenerali, ambaye wakati huo alishatwaa mikoa yote ya mashariki na kuanzisha redio yake, aliunga mkono tamko hilo neno kwa neno. Hawa wawili walielewana vizuri sana katika kutoelewana kwao. Kila Ijumaa mke wa Mtukufu alimpelekea kaka yake sinia la pilau. Bunduki za pande zote zilinyamaza gari la pilau lipite, na vijana waliokuwa hawajala tangu Jumatano walilala kifudifudi kwenye mahandaki wakivuta harufu. Gari likishapita, wakaendelea kuuana.

*

Katika Redio ya Taifa alikuwepo mama mmoja, Bi. Tunu Makwega, msomaji wa matangazo ya vifo kwa miaka ishirini na saba. Na hapa lazima nieleze desturi ya nchi ile, maana bila hiyo hadithi haiendi. Kule mtu alikuwa hafi mpaka redio iseme. Angeweza kuacha kupumua, akaoshwa, akavishwa sanda, lakini majirani hawakubandika sufuria, watani hawakuja kufanya fujo zao, na jembe halikugusa ardhi mpaka saa saba mchana Bi. Tunu afungue kipaza sauti na kusema: "Familia ya fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao fulani, kilichotokea mahali fulani, kwa sababu fulani. Habari ziwafikie popote mlipo." Baadaye serikali iliifanya desturi hiyo kuwa sheria. Bila karatasi ya redio hupati kibali cha kuzika, wala cha kusafirisha mwili, wala cha kwenda kuufuata ulipo.

Bi. Tunu alikuwa na sauti ya taratibu, isiyolia wala isiyochangamka. Watu walisema ukifa ukasomwa na Tunu, umekufa kwa heshima. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Elikana, mwenye miaka ishirini na miwili, aliyekuwa anasomea ualimu wa shule ya msingi. Malori ya jeshi yalimkuta darasani akifanya mazoezi ya kufundisha kujumlisha, yakambeba na chaki mkononi. Tangu siku hiyo Bi. Tunu alikuwa hafungui kipaza sauti kabla hajapekua rundo lote la karatasi akitafuta jina moja. Asipoliona, anashukuru. Halafu anaona aibu kwa kushukuru, kwa sababu rundo lile lilikuwa la watoto wa wenzake.

Zamani matangazo yalichukua dakika kumi. Kutoelewana kulipofika mwezi wa tatu yalichukua saa tatu na nusu. Kwa bahati mbaya Mtukufu alikuwa anakula chakula cha mchana saa saba.

"Wanakufa mno," alimwambia mkewe, akisukuma sahani. "Mboga yote naiona chungu. Na kila mmoja eti risasi, kila mmoja eti bomu. Hawana ubunifu hawa?"

Ikaundwa Kamati ya Taifa ya Sababu. Ilikaa hotelini wiki sita, ikatoka na sababu saba ambazo mwananchi mzalendo aliruhusiwa kufa kwazo: baiskeli, radi, nyoka, homa ya ghafla, kuanguka mtini, uzee, na furaha iliyopita kiasi. Jenerali alipoipata orodha hiyo aliinakili yote, akaongeza ya nane, kupaliwa, ili asionekane amemwiga shemeji yake.

Mkurugenzi wa redio, Bwana Lukondo, alimwekea Bi. Tunu orodha mezani. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilimfanya awe mpole.

"Dada Tunu, ni saba tu. Hata kukariri si kazi."

"Na waliopigwa risasi?"

"Dada yangu, risasi haimo."

"Naona haimo, Mkurugenzi. Nauliza wao tuwaweke wapi."

"Wachague wenyewe. Sisi si madikteta," alisema Bwana Lukondo, na hakuwa anatania.

Ndugu wa marehemu wakawa wanachagua dirishani, asubuhi, kwenye foleni iliyozunguka jengo. Siku moja alifika mzee kutoka bonde la pamba, kofia mkononi, akasema mwanawe ana tundu kwenye paji la uso.

"Tundu halimo, baba," Bi. Tunu alimwambia, akamsomea saba zile.

Mzee alifikiri sana. "Kati ya hizo, mwanangu, ipi haina maumivu?"

"Labda radi. Ni mara moja tu."

"Basi niandikie radi."

Bi. Tunu akaandika radi. Ilikuwa kiangazi kikavu, hakuna wingu hata moja toka Pasaka. Alimpa mzee karatasi, mzee akasema ahsante, na ahsante ile ilimchoma kuliko tusi lolote aliloshatukanwa maishani. Mchana ule aliisoma radi kwa sauti ileile ya heshima.

*

Serikali nyingine hudanganya zikijua zinadanganya. Serikali hii ilikuwa na moyo safi. Ilidanganya, ikasikiliza redio yake yenyewe, ikashtuka.

"Ndugu wananchi," Waziri wa Afya alihutubia uwanjani, jasho likimtiririka kwa uchungu, "adui wa taifa hili tumemfahamu. Adui huyu hana silaha. Adui huyu ana magurudumu mawili na kengele!" Baiskeli zote zikakusanywa kwa siku tisa, zikasagwa kwa kifaru kilichotolewa mstari wa mbele kwa kazi hiyo maalumu. Sasa majeruhi wa nchi ile, kwa kuwa magari ya wagonjwa yalikuwa yakibeba mizigo ya maofisa, walikuwa wanafikishwa zahanati kwa baiskeli, mmoja anaendesha na mmoja amefungwa nyuma kwa khanga. Baiskeli zilipokwisha wakabebwa mgongoni, na waliokuwa wapone wakaishia njiani. Vifo vikazidi. Na kwa kuwa kufa kwa baiskeli sasa kulikuwa kosa la jinai, familia zikahamia kwenye kuanguka mtini.

Serikali ikakata miti. Ilianza na miembe, ikaja minazi, ikaja hata mipapai ambayo mtoto wa mwaka hawezi kuipanda. Chakula kikapungua, njaa ikaingia, na njaa haikuwemo kwenye orodha. Ndipo Bi. Tunu akajikuta anasoma kwamba Neema, binti wa Bwana na Bibi Sangole, mwenye umri wa miaka mitatu, amefariki kwa uzee.

Alisoma jina hilo, akageuza karatasi, akaendelea. Redio ya Jenerali nayo ilitangaza kwa majigambo kwamba upande wake uzee umepungua kwa nusu.

*

Koplo Nzowa alifika redioni Jumanne asubuhi, mguu mmoja na magongo mawili. Hakukaa kwenye foleni. Alimwita kwa mlango wa uani.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mama yake Elikana? Mwalimu?"

Aliposikia mtu anamwita mwanawe mwalimu, Bi. Tunu alijua. "Marahaba. Sema tu, baba. Nimezoea kusoma."

Koplo akamweleza habari za Ndarambe, kwenye daraja la mto mkubwa, mahali ambapo magazeti yaliandika siku tatu mfululizo kwamba hali ni shwari. Daraja lenyewe lilibomolewa siku ya kwanza alfajiri. Mtukufu alilipiga mabomu ili Jenerali asivuke. Jenerali, dakika chache baadaye, akalipiga tena ili Mtukufu asivuke. Lakini kubomoa mali ya umma kulikuwa kosa kubwa, kwa hiyo makao makuu ya pande zote mbili yaliandika kwamba daraja ni zima na liko mikononi mwetu. Na kwa kuwa liko mikononi mwetu, amri ikaja: vukeni.

"Tukapeleka ujumbe kwamba daraja hakuna," Koplo alisema. "Tukajibiwa kwamba tunaeneza uvumi. Kikosi cha kwanza kikavuka, mama. Kikaingia majini na buti na mabegi. Wa upande wa pili nao waliamriwa hivyo hivyo. Tukakutana katikati ya mto, sare zetu moja, maana fundi wetu mmoja. Nani anamjua nani mle? Tulipigana siku tatu tukigombea kitu kisichokuwepo."

"Na Elikana?"

"Siku ya tatu. Alikuwa amemshika mkono mtu asiyejua kuogelea. Mtu wa upande ule, nadhani. Risasi ikaja, sijui ya nani. Nikamvuta hadi ng'ambo. Nimemzika mashariki ya mto, mama, nyuma ya ghala la pamba. Kaburi la kina kifupi, nililichimba kwa mikono. Mvua za kwanza zikija mto utapanda. Inabidi ahamishwe kabla."

Bi. Tunu hakulia mbele yake. Alimletea chai, akasubiri mpaka amalize, akamsindikiza hadi barabarani polepole kwa mwendo wa magongo. Halafu akapanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi.

"Nataka kibali cha kwenda Ndarambe kumchukua mwanangu."

Bwana Lukondo alisimama, akaja kumshika mikono yote miwili, na macho yake yalijaa machozi ya kweli. "Pole, dada yangu. Pole sana. Andika tangazo, nikusainie sasa hivi. Unachagua ipi?"

"Amekufa vitani."

"Tunu."

"Nikisema nyoka, watanipa kibali cha Ndarambe?"

Mkurugenzi akatazama sakafu. Wote wawili walijua ramani ya Kamati, iliyoonyesha kila sababu iliruhusiwa kuua wapi. Nyoka waliruhusiwa kuuma mashambani tu, radi ilipiga vijijini, na Ndarambe, kwa mujibu wa ramani, hakuna mtu aliyewahi kufa. "Utafukuaje mtu ambaye hakufia pale?" alisema kwa sauti ndogo. "Chagua homa. Tutafanya matanga mazuri, bila mwili. Wengi wamefanya hivyo."

"Najua. Mimi ndiye niliyewasoma."

*

Saa saba kamili alifungua kipaza sauti. Hakuanza na rundo. Alisema:

"Familia ya Makwega, ambayo sasa ni mimi peke yangu, inasikitika kutangaza kifo cha Elikana Makwega, mwanafunzi wa ualimu. Ameuawa vitani, Ndarambe, akivushwa kwenye daraja lisilokuwepo kwa amri ya watu wawili wanaogombea utepe wa choo. Amezikwa mashariki ya mto, nyuma ya ghala la pamba. Mama yake anaomba ruhusa ya kwenda kumchukua kabla ya mvua. Habari ziwafikie popote mlipo."

Kisha akakunja miwani, akakaa kusubiri askari.

Mtukufu alikuwa na kijiko mdomoni. Alikimbilia simu, na ajabu, simu ya shemeji yake ilikuwa ikiita upande huu.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji! Ametuita watu wawili! Bila vyeo!"

"Wawili tu, kama wauza mchicha!"

Hasira ile iliwaunganisha upya. Alhamisi walikutana, wakakumbatiana mbele ya kamera, wakala pilau kwenye sinia moja. Amani ikatangazwa, na wananchi wakacheza ngoma, mimi mwenyewe nikiwemo, kwa kuwa ngoma ilikuwa ya lazima.

Likabaki tatizo dogo. Makumi ya maelfu ya watu hawakurudi nyumbani, na vijiji vizima vilianza kuuliza. Mwanasheria Mkuu ndiye aliyelitatua. Alipekua nyaraka zote za serikali zote mbili, hakuona neno vita hata mara moja. Waraka wa kwanza wenye neno hilo ulikuwa tangazo la Jumanne saa saba mchana. Kwa hiyo, alieleza kwa unyenyekevu wa mtu mwenye akili nyingi, vita vilianza Jumanne saa saba, vikamalizwa na busara za viongozi wetu Alhamisi. Waliokufa vitani, haijalishi walikufa lini, walikufa kati ya siku hizo. Na aliyevianzisha anajulikana kwa jina, kwa sauti na kwa masafa ya redio.

Bi. Tunu Makwega akashtakiwa kwa kuanzisha vita na kusababisha vifo vyote vilivyotokana navyo, kimoja kimoja.

*

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wa Bunge, kwani mahakama haikuwa na viti vya kutosha. Wakili wake aliteuliwa na serikali. Alisimama mara moja tu, akaomba mteja wake apewe adhabu kali, akaketi.

Jaji Kiongozi alieleza utaratibu. Karani atasoma jina na mahali pa kifo. Mshtakiwa akikiri, jina litaandikwa katika daftari la waliokufa vitani, na karatasi yenye muhuri itatolewa kwa ndugu kama kielelezo, nayo itatosha kupatia kibali cha kuzika. Akikana, shtaka litafutwa, na mtu huyo atahesabiwa kuwa hai na atatakiwa aripoti kambini haraka.

Karani akasoma jina la kwanza. "Abinery Mwaluko, mkulima, aliuawa kwa kombora, Ndarambe. Unakiri au unakana?"

"Nakana," Bi. Tunu alisema. "Simjui huyo. Sijawahi kumuua mtu."

Karani akachukua rula, akapiga mstari. Na kutoka viti vya nyuma mwanamke mmoja akapiga yowe. "Mume wangu huyo! Mnamfuta mume wangu! Nitamzika lini?" Askari walimketisha. Bi. Tunu aliutazama ule mstari, akamtazama yule mwanamke, na ndipo alipoelewa mahali alipo. Akaomba jina lirudiwe. Jaji akasema sheria hairudi nyuma.

Jina la pili lilipotajwa, alisema, "Nakiri."

La tatu, "Nakiri." Kila jina lilikuwa na kamba yake ya kunyongea, naye alijua, akaendelea. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Redio zote zilirusha moja kwa moja, kwa sababu mashemeji walitaka wananchi wasikie uovu wa mama yule kwa ukamilifu. Basi nchi nzima ikasikia, mchana kweupe: fulani, kwa risasi, mahali fulani. Fulani, kwa bomu. Fulani, kwa njaa. Majirani wakabandika sufuria. Nje ya ofisi ya mwendesha mashtaka foleni ilizunguka mitaa miwili. Watu walikuja kusihi marehemu wao waongezwe kwenye mashtaka. Mwendesha mashtaka alijisikia maarufu, akaongeza wote.

Yule mjane wa jina la kwanza alikuja kila siku, akaketi palepale, hasemi na mtu. Bi. Tunu alishindwa kumtazama.

Siku ya kumi na nane, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika dirishani, karani alisoma: "Elikana Makwega, mwanafunzi wa ualimu, aliuawa kwa risasi, Ndarambe, amezikwa nyuma ya ghala la pamba. Unakiri kumuua au unakana?"

Alifungua mdomo mara mbili. Maelfu ya watu alikuwa ameshakiri kuwaua bila kutetereka, lakini huyu alimbeba tumboni, alimfundisha kutembea uani kwa kumshika vidole, na sasa aliambiwa aseme mbele ya nchi nzima kwamba ni yeye aliyemuua.

"Mshtakiwa ajibu," alisema Jaji, "au tuchukulie amekana."

Karani akanyoosha mkono kuifuata rula.

"Kiri, mama!" Alikuwa yule mjane. Alikuwa amesimama, na askari wawili walimshika mabega, naye akiwasukuma. "Kiri, mama yangu! Usimwache kama wangu! Kiri uzikiwe mwanao!"

Bi. Tunu akashika kizimba kwa mikono miwili.

"Nakiri," alisema. "Nimemuua mimi. Elikana nimemuua mimi."

Karani akaandika, akagonga muhuri, akachana karatasi. Mshtakiwa haruhusiwi kushika kielelezo, kwa hiyo mjane akaipokea, akaikunja, akaitia ndani ya blauzi yake, akatoka mbio, na wanawake wengine watatu waliokuwa hawamfahamu wakainuka kumfuata. Ndarambe ni mwendo wa siku mbili kwa miguu.

Jaji akamwambia karani asome jina linalofuata.